Mwalimu Wetu Amerejea Jukwaani



Kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Bagamoyo huanza kwa dua, kisha husomwa muhtasari wa kikao kilichopita, kisha barua zilizopokelewa. Mwezi wa Rajabu uliopita barua ilikuwa moja tu, nayo ilitiwa saini na wazazi wanne. Ilieleza kwamba Mwalimu, yule mzee anayewafunza watoto wetu kusoma na kuandika kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha madrasa, ameonekana akifanya mazoezi ya maigizo pamoja na vijana. Kwamba katika mchezo huo yeye ni mtu dhalimu, tena anaapa uwongo. Na kwamba haielekei mtu wa namna hiyo kuachiwa watoto. Waliomba aondolewe.

Sisi ndio tunaoshika kalamu ya kamati. Tukiri mapema, ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani: kabla kikao hakijaketi, tulikwisha kuandika jibu. Tuliandika kwamba Mwalimu asimame kwanza mpaka jambo lichunguzwe. Hatukuwa tumemwuliza hata neno moja. Barua ile ilikuwa fupi, yenye adabu na maneno ya heshima, lakini ilikuwa dhuluma.

Mwalimu huyu alitufundisha sisi wenyewe Kiswahili darasa la tano na la sita. Alikuwa na desturi moja ambayo hatujaiona kwa mwalimu mwingine. Mwenye kusoma alisimama mbele ya darasa, na mwenzake alisimama mwisho wa chumba, karibu na dirisha. Mwenzake asiposikia, msomaji alirudia sentensi ile mpaka isikike, wala hakuruhusiwa kupiga kelele. “Sauti haisukumwi,” alikuwa akisema, “sauti hupelekwa.” Hadi leo umeme ukikatika siku ya Ijumaa na kipaza sauti kikanyamaza, matangazo tunayoyasoma husikika hadi barazani. Watu husema tumejaaliwa sauti. Hatukujaaliwa, tulifundishwa. Na yeye aliyetufundisha aliipata elimu hiyo jukwaani, jambo ambalo hatukulijua mpaka siku ile ya kikao.

Imamu wetu alikataa barua ijibiwe kabla mzee hajasikilizwa. Basi Mwalimu akaitwa. Alikuja amevaa kanzu na kofia yake ya kila siku, akaketi, akaanza kutueleza habari za ujana wake.

Alisoma chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zama zile maigizo hayakuwa jambo la pembeni katika nchi hii. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea shuleni, na wanafunzi walizighani mbele ya wageni. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, alikuwa ametoa Kinjeketile mwaka 1969, mchezo unaohusu Vita vya Maji Maji. Farouk Topan wa Zanzibar naye alitoa Mfalme Juha mwaka 1971. Hapa kwetu Bagamoyo, Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Ndicho hicho ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa TaSUBa. Mwalimu mwanafunzi wa siku hizo aliyejua kusimama mbele ya watu alitazamwa kuwa na hazina.

Naye alikuwa nayo. Walipocheza Kinjeketile chuoni, yeye ndiye aliyepewa nafasi ya Kinjeketile mwenyewe. Baba yake alisafiri kuja kumtazama. Asubuhi yake, kabla ya kupanda basi kurudi kwao, mzee yule alimwambia neno moja tu: kwamba amempeleka akawe mwalimu, na mwalimu hachezi mbele za watu. Mwalimu akatii. Alipangiwa shule ya kijijini, akaoa, akalea, akahamishwa mara nne. Mtumishi wa serikali anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Yeye alingoja hadi 60, kwa sababu mtoto wa mwisho alikuwa bado anasoma. Miaka yote hiyo aliwatungia watoto wa shule vichekesho vya siku ya kufunga muhula, akawaelekeza wasimame wapi na wanyamaze lini, lakini yeye mwenyewe hakukanyaga jukwaa.

Kiinua mgongo kiliezeka nyumba. Mwaka uliofuata mkewe alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya hapo mzee akawa mtu wa baraza: asubuhi gazeti, mchana dawa ya shinikizo la damu, jioni bao. Tulimpita kila siku tukimwamkia. Katika kikao alitwambia jambo lililotuinamisha vichwa: “Napokea shikamoo ishirini kwa siku, na siulizwi swali hata moja.”

Ndipo akaja kijana mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, aliyesomea sanaa na sasa anaongoza kikundi kidogo. Walikuwa wanatayarisha mchezo wa mirathi, utakaochezwa katika uwanja wa shule na kisha kurekodiwa kwa ajili ya redio. Ndani yake kuna mtu aliyefiwa na kaka yake. Marehemu ameacha nyumba, shamba la minazi, mjane na mtoto wa kiume wa miaka tisa. Ami wa mtoto anashika funguo na kusema, “Ninawatunzia.” Mwaka unapita, wa pili unapita, naye anaendelea kutunza, mpaka mtoto anakuwa mgeni katika nyumba ya baba yake. Kijana alitaka mzee wa kucheza ami, na hakutaka kijana mwenzake aliyepakwa unga nywele zionekane kama mvi.

Mwalimu alikubali siku ile ile. Lakini nyumbani kulizuka mtihani. Binti yake mkubwa, anayeishi naye, alikuwa katika mazungumzo ya posa ya mwanawe. Washenga walikuwa wamekwisha kuja mara moja. Alimwambia baba yake kwa kilio, “Baba, watu watasema mzee amerukwa na akili. Na wakwe watasema wanaoa katika nyumba ya wachekeshaji.” Hakuwa binti mkorofi. Alikuwa mama mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu, kwa kuwa sote tunajua jinsi maneno yanavyotangulia posa.

Mwalimu alipofika hapo katika maelezo yake aliitazama meza, kisha akasema: “Sheikh, mimi sikuacha kuigiza kwa kuwa nilifanya haramu. Niliacha kwa kuwa baba yangu aliona haya, nami nikamtii. Sasa binti yangu anaona haya. Je, nimtii na yeye?”

Hakuna aliyejibu. Imamu alimwuliza mambo matatu: anacheza na nani, saa ngapi, na mchezo unamwacha mtazamaji wapi.

Mwalimu alijibu moja moja. Wanawake wamo katika mchezo, wamevaa mavazi ya stara, na hakuna kushikana wala kuketi faragha. Mazoezi huanza baada ya Alasiri na husimama kabla ya Magharibi. Na mwisho wa mchezo ami hapati raha na mali ile, wala mtazamaji hatoki akimwonea wivu. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza la nne. Katika maandishi ya mwanzo ami alikuwa anaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba marehemu alimwachia shamba. Mwalimu alikuwa amemwomba kijana akiondoe kiapo kile, na kilikwisha kuondolewa. Mahali pake ami anainua mkono kana kwamba anataka kuapa, anautazama, kisha anaushusha bila kusema kitu.

Kwa hiyo wazazi wale wanne hawakuwa wazushi. Walisikia mazoezi ya wiki ya kwanza, na juu ya kiapo walikuwa na haki. Kosa lao lilikuwa lile lile letu, kwamba hawakurudi kuuliza.

Mjumbe mmoja wa kamati alihoji kwamba kuigiza kwenyewe ni uwongo. Imamu alijibu kwamba maulamaa wa zama hizi wamekhitilafiana juu ya maigizo. Wapo wanaoyazuia, na wanaoyaruhusu wameyawekea mipaka, kama vile kutowaigiza Mitume na kutoipamba dhambi. Hakutaka kulifunga suala hilo katika kikao cha kamati. Alisema hili tu: mwongo hutaka uamini lisilokuwepo ili akudhuru, ilhali mwigizaji na mtazamaji wamekwisha patana tangu mwanzo kwamba huyu si ami wa kweli.

Sisi tungeongeza mifano miwili kutoka katika historia yetu wenyewe. Wa kwanza wazee wengi wanaukumbuka. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na ndani yake kulikuwa na dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju, mlevi na mwasherati, ambaye mwisho aliugua UKIMWI. Mkwaju hakuwa mtu wa kuigwa, na ndiyo maana alifundisha. Mtu aliyeitoa sauti ile hewani hakuwa akiusifu uovu. Alikuwa akiuonyesha mahali unapomfikisha mtu. Wa pili ni mzee wetu Rashidi Kawawa. Katika miaka ya 1950, kabla ya uhuru, alicheza katika filamu ya Kiswahili ya Muhogo Mchungu. Baadaye alipata kuwa Waziri Mkuu wa nchi hii. Hatujapata kusikia kwamba filamu ile ilimpunguzia heshima.

Kamati iliamua Mwalimu aendelee na darasa la Jumamosi. Tukaagizwa, kama katibu, tuhudhurie mazoezi na kuleta taarifa. Tulikwenda mara tatu, na tuliyoyaona ndiyo yaliyotufanya tuandike safu hii.

Tulidhani kwamba mwalimu wa miaka mingi atakuwa mwigizaji kwa urahisi, kwa kuwa amezoea kusimama mbele ya watu. Haikuwa hivyo. Ualimu ulimsaidia katika sauti na katika kutoogopa macho ya watu, lakini ulimwelemea katika mengine. Kila sentensi muhimu aliirudia mara mbili, kama anavyorudia mwalimu ili wa nyuma wasikie. Kila alipofika kwenye neno zito, kidole kilipanda juu. Akisha kusema, alitulia akitazama huku na huku, kana kwamba anangoja mkono unyooshwe. Ami yule dhalimu akawa kama anatoa somo la udhalimu. Kijana mwongozaji alivumilia siku mbili. Siku ya tatu alimsogelea, akainama kidogo kwa adabu, akasema, “Mwalimu, samahani. Usitufundishe. Taka hilo shamba tu.”

Tulimwona mzee akimeza mate. Yule kijana aliwahi kumchapa fimbo kwa kuchelewa namba. Kisha akasema, “Nimekuelewa, mwanangu. Tuanze tena.” Alipoanza tena, mikono ilikuwa imetulia magotini, na sauti imeshuka. Akalitamka jina la mtoto yatima kwa upole, upole wa mtu anayeficha kitu. Wote uwanjani tulinyamaza.

Katika kurejea uzeeni kwenye kazi iliyoachwa ujanani, pengine hapo ndipo penye ugumu zaidi. Maneno hukaririwa, miguu huzoea, ila kuvua ukubwa ni jambo zito. Wala si Bagamoyo tu. Mjini New York alikuwapo Lee Strasberg, mwalimu mashuhuri wa waigizaji, aliyetumia miongo mingi kuwafundisha wengine. Mwaka 1974, hali umri wake umekwisha kupita miaka 70, alicheza katika filamu ya The Godfather Part II pamoja na Al Pacino, aliyekuwa mwanafunzi wake, na akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Filamu yenyewe ni ya majambazi, nasi hatumwiti mtu kuitazama. Tunalolitazama ni mwalimu aliyekubali kusimama safu moja na mwanafunzi wake, na kupimwa kwa kipimo kile kile.

Juu ya kukariri, Mwalimu alikuwa na njia yake. Aliyanakili maneno yake kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, akayagawa katika vipande vya mistari mitano. Kila kipande alikishika baada ya swala ya Alfajiri, akitembea ufukweni kabla jua halijawa kali, kwa kuwa jioni kichwa chake huchoka. Usiku mjukuu wake wa darasa la nne alimsomea maneno ya wahusika wengine, naye akajibu ya kwake. Mtoto yule sasa anasoma kwa ufasaha kuliko wenzake wote wa Jumamosi. Na upande wa pili wa ukuta binti yake alikuwa akisikia kila usiku, ingawa alikuwa hasemi na baba yake ila kwa lazima.

Mchezo ulichezwa jioni moja mwishoni mwa Shaabani. Kuna mahali ami anarudi kutoka shambani na magunia ya nazi, anampa yatima nazi mbili, kisha anasimama akingoja ashukuriwe. Watu walicheka mwanzoni. Ami akaendelea kungoja. Kicheko kikafa polepole, pakawa kimya, mpaka mtoto aliposema ahsante. Nyuma yetu mwanamume mmoja alisema kwa sauti ndogo, “Lahaula.” Onyo la Suratun-Nisaa juu ya wanaokula mali ya yatima tumelisikia mimbarini mara nyingi. Siku ile tuliiona sura ya mlaji, nayo ilikuwa sura ya mzee mpole tunayemwamkia kila siku. Hilo ndilo lililotutisha.

Binti yake alikuja. Alisimama mbali, chini ya mwembe, pamoja na wanawake, na akaondoka kabla ya mwisho. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetusimulia ya asubuhi yake. Binti alimletea chai, akaiweka mezani, akasema, “Baba, umesahau maneno mahali pawili.” Mzee akamjibu, “Patatu.” Hawakusema zaidi, lakini chai ilikuwa na tangawizi, kama alivyokuwa akiipika marehemu mama yake.

Tusipambe mambo. Mmoja wa wazazi wale wanne amemwondoa mtoto wake katika darasa la Jumamosi, na hajamrudisha. Posa ya mjukuu bado inazungumzwa, nasi tunaomba kheri. Na yapo makundi ya maigizo ambayo mzee mwenye staha hapaswi kuyakaribia, kwa maudhui yake na kwa mwenendo wake. Aliyeomba tahadhari hakuomba kosa.

Lakini tunayo maneno kwa familia zenye wazee waliostaafu. Mzee wako akikwambia kuna jambo alipenda kulifanya ujanani, usianze na watu watasema nini. Anza na maswali ya Imamu: na nani, saa ngapi, na jambo lenyewe linaishia wapi. Ukiridhika, msaidie kwa vitendo. Mpimie miwani. Hakikisha dawa zake zinaendana na saa za mazoezi, na ya kwamba yupo mtu wa kumrudisha nyumbani giza likiingia. Uliza malipo, maana mara nyingi ni nauli na sahani ya chakula tu. Ni bora ajue mapema kuliko kuhuzunika baadaye. Ikiwa sauti au picha yake inarekodiwa, iandikwe itatumika wapi, asije akajisikia siku moja katika tangazo la biashara asiyoijua. Na umpe mjukuu amsomee maneno. Watanufaika wote wawili.

Kwa wazee wenyewe tunasema kwa heshima: kubalini nafasi ndogo, kubalini kuelekezwa na aliyekuwa mwanafunzi wenu, na mkiambiwa hapana msivunjike moyo. Na neno la mtoto mwenye hofu mlisikilize hata kama hamtalifuata.

Nasi tulikuwa na deni letu. Tulikwenda kwa Mwalimu barazani, tukamweleza habari ya barua ambayo haikutumwa, tukamwomba radhi. Alitaka kuiona. Tulimpa. Akaisoma taratibu, akatoa kalamu mfukoni mwa kanzu, akasahihisha makosa mawili ya lugha, akaturudishia. Kisha akatuuliza kama Ijumaa ijayo tungeweza kumletea kitabu chochote cha tamthilia, kwa sababu vyake vililiwa na mchwa katika uhamisho wa tatu. Hilo lilikuwa swali lake, nasi kwa mara ya kwanza tukamwuliza la kwetu: ni kipi angependa kucheza baada ya hiki?

Alitujibu hadi Magharibi ilipoadhiniwa.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, atupe sisi subira ya kuwasikiliza, na atulinde na haraka ya kalamu. Wabillahi tawfiq.